Mdomo wa Bi Mwajuma

Siku ya hitma ya Bi Mwajuma nilikaa uani na wanawake wenzangu, pale Kibiti, tukikata vitunguu vya pilau. Nilikuwa nimetoka Dar alfajiri, macho yananiwasha kwa usingizi na kwa vitunguu, na hakuna aliyenijua zaidi ya kusikia kwamba zamani niliwahi kupanga chumba katika nyumba ile. Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa akimenya vitunguu saumu huku akimsifu marehemu: mikono yake kwenye kuzalisha, jinsi alivyofuata wazazi majumbani hata mvua ikinyesha, jinsi asivyokuwa na makuu. Kisha akashusha sauti. "Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Ila ule mdomo." Mwenzake akaguna, guno la mtu anayeijua habari nzima. "Yule binti wa Mbwera," akasema. "Huyo huyo. Siri ya mgonjwa, mtu unaiachiaje?"

Niligeuka. "Hakusema yeye," nikasema. Walinitazama kwa upole, kama watu wanavyomtazama mfiwa anayesema ovyo. "Wewe dada umejuaje?" Nikawaambia nilikuwa nikifanya kazi kituoni mwaka ule, na kwamba habari ile ilitoka kwenye kompyuta, si kwa Bi Mwajuma. "Kompyuta ilikuwa na udhaifu," nikasema, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu uani pale, kati ya masufuria na maganda, nikajua halitafika popote. Yule wa vitunguu saumu akatabasamu. "Mashine ina mdomo, mwanangu? Acha tu. Marehemu tumsitiri." Na wakamsitiri hivyo, kwa kunyamaza juu ya kosa ambalo hakulifanya. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Nimeshapita arobaini, mvi zimeanza kunichungulia, watu wananilipa nauli ya ndege niende kuwaeleza namna mashine zinavyovuja, lakini pale uani sikuwa na neno hata moja la kumwosha mtu mmoja aliyenilisha mwaka mzima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na stashahada ya kompyuta mkononi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza mashine za kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja jina. Bi Mwajuma, muuguzi wa pale, ndiye aliyenipa chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma, chenye dirisha la wavu na kitanda cha mbao kilicholia kila nilipojigeuza, na ukuta kati yangu na yeye haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia akipiga chafya, akikohoa, akisoma dua zake. Asubuhi alichemsha chai ya mchaichai na mihogo. Jioni tulikula mkekani, wali na kambale mkavu aliyeungwa kwa nazi, siku nyingine kisamvu, siku nyingine kunde tu na yeye akisema, "Leo tunakula kama watoto wa shule." Alinihesabia vipande vya samaki kwa jicho na kila mara changu kikawa kikubwa.

Lililonishangaza kwake ni kwamba hakuleta kazi mkekani. Alikuwa na kliniki ya Alhamisi, kliniki ya watu wanaokuja kuchukua vidonge vya maisha, wanaoishi na virusi, ambao wengi walitoka mbali makusudi ili wasionekane na watu wa kwao. Mji mzima ulitaka kujua ni nani hao. Kuna jirani, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa na desturi ya kuingia wakati wa chakula na kukaa kizingitini. Siku moja akasema, "Nimemwona mke wa fulani akitokea upande wenu wa Alhamisi." Bi Mwajuma akamsogezea sahani. "Karibu mchuzi, unapoa." "Nasema nimemwona." "Na mimi nasema unapoa." Jirani akala, akaaga. Bi Mwajuma aliosha mikono, akaniambia, "Mwanangu, mtu akishakupa siri yake amekupa nyumba yake. Huwezi kuipangisha." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya watu wazima tu.

Chumba changu cha kazi kituoni kilikuwa stoo ya dawa hapo awali na bado kilinuka dawa ya kusafishia vidonda. Ndani yake kulikuwa na seva moja, feni moja, na kiti kimoja kisichokuwa na mgongo. Seva ile iliunganishwa na kompyuta tatu: ya masjala kwa Kassim, karani, ya Bi Mwajuma, na ya daktari mfawidhi, Dakta Mbonde. Wafadhili ndio walioileta, na kampuni moja ya mjini ndiyo iliyoandika programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Kassim aliweza kuandikisha mgonjwa na kutafuta namba ya kadi, basi. Faili za Alhamisi alizifungua Bi Mwajuma na daktari peke yao. Nilijivunia mpango huo kana kwamba niliubuni mimi.

Nieleze jambo lenyewe kwa lugha ya kawaida, maana nimechoka kulieleza kitaalamu mbele ya watu wanaopiga makofi. Ndani ya kila kompyuta kuna mfumo endeshi, na ndani kabisa ya mfumo huo kuna kiini. Programu nyingine zote huomba, kiini ndicho kinachotoa. Ukitaka kusoma faili unakiomba kiini, nacho kinaangalia wewe ni nani kabla ya kukujibu. Karani ana mamlaka ya karani, muuguzi ana ya muuguzi, na juu yao yupo mtumiaji mmoja mkuu, anaitwa rooti, ambaye kiini hakimkatalii kitu. Usalama wote umesimama juu ya imani kwamba kiini hakidanganyiki. Sasa mwanzoni mwa mwaka ule nilisoma kwenye mtandao kwamba toleo la kiini tulilokuwa nalo linadanganyika. Programu ya mtu wa kawaida iliweza kukikabidhi anwani ya mahali pa kuandika kwenye kumbukumbu ya mashine, na kiini, badala ya kuuliza kwanza kama mahali pale ni pa mtu huyo, kiliandika tu. Mwenye kujua pa kukiandikisha alikifanya kiandike ndani yake chenyewe kwamba yeye ndiye rooti. Haikuhitajika neno la siri la mtu yeyote. Ulikuwa unaingia karani unatoka mkubwa wa wote. Programu ya kufanya hivyo ilikuwa fupi, imewekwa wazi mtandaoni kwa kila anayeitaka. Na kiraka cha kuziba udhaifu ule kilikuwa kimeshatolewa. Kilichotakiwa ni kukiweka, kuizima mashine na kuiwasha upya.

Niliandika barua kuomba ruhusa. Dakta Mbonde alinirudishia ikiwa na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: Subiri. Nikaenda ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo linalonikera hadi leo, kwa sababu ningependa sana awe mbaya. Alikuwa na mikono mizuri ya upasuaji na viatu vilivyokwisha kisigino. "Binti," akasema, "kampuni ya programu imesema mtu asiguse mfumo. Ukigusa, ukiharibika, ni juu yetu. Na wageni wa wafadhili wanakuja mwezi ujao. Unataka waje wakute mashine imezimika?" Nikamwambia haitazimika. "Umewahi kuifanya?" Sikuwahi. "Basi. Na hicho kitu unachosema, hapa Kibiti nani anakijua?"

Ningenyamaza hapo, ningesubiri wageni waje waondoke, labda pasingetokea kitu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa sahihi, na hakuna ulevi unaofanana na huo. Nikamwambia, "Daktari, nikuoneshe." Akanyanyuka, labda kwa kuchoka tu, tukaenda masjala. Nilichagua masjala kwa sababu nilitaka aone kwamba hata mtu wa chini kabisa anaweza. Nilisema maneno hayo, mtu wa chini kabisa, na Kassim amesimama pembeni yetu. Alikuwa kijana wa Mbwera, mnyamavu, shati lake limepigwa pasi hadi makunyanzi yakawa mistari. Akaingia kwenye seva kwa jina lake, akanipisha kiti. Niliandika amri tatu: ya kwanza kuivuta ile programu kutoka mtandaoni, ya pili kuijenga, ya tatu kuiendesha. Alama ya dola mwanzoni mwa mstari, ya mtumiaji wa kawaida, ikageuka alama ya reli, ya rooti. Nikafungua orodha ya faili za Alhamisi. Sikufungua faili lolote, orodha ya namba tu, lakini ilitosha. Dakta Mbonde aliinama akasoma, akanyooka. "Kwa hiyo hapa Kassim ni mkubwa kuliko mimi?" "Kuliko sisi sote, daktari." Akacheka. Kassim naye akacheka, akachelewa kidogo. Kisha daktari akasema tutaliangalia wageni wakishaondoka, akarudi kwa wagonjwa wake.

Niliifuta programu ile kabla sijanyanyuka. Kuhusu hilo nilijiona mwangalifu. Nilichosahau ni kitu ambacho siku hizi nawafundisha vijana siku ya kwanza: mashine hukumbuka amri ulizoandika. Ukibonyeza mshale wa juu kwenye kibodi, inakurudishia ya mwisho, na ukibonyeza tena inakurudishia iliyotangulia. Sikufuta kumbukumbu hiyo. Amri zangu tatu zilibaki katika akaunti ya Kassim, zimepangwa, zinangoja kidole.

Wageni walikuja, wakapigwa picha mbele ya seva, wakaondoka. Niliandika barua ya pili nayo ikakaa mezani. Kisha Jumatatu moja nilikuta seva imeganda, skrini nyeusi ina maneno ambayo nilikuwa nimeyaona kwenye maelezo ya udhaifu ule ule, kwa sababu kiini kilichoandikishwa mahali pasipo pake mara nyingi huanguka baadaye. Nikaiwasha, nikasoma daftari la matukio ambalo mashine hujiandikia. Jumamosi, baada ya saa za kazi, Kassim alikuwa ameingia. Amri zangu tatu zilikuwa zimerudiwa, herufi kwa herufi. Kisha limefunguliwa faili moja la Alhamisi. Moja tu. Nililiangalia jina nikalifahamu kwa sura: binti mrefu wa Mbwera, aliyekuwa akija kwa boti hadi Nyamisati na kutoka hapo kwa pikipiki, anakaa benchi la mwisho ukutani, amejifunika mtandio. Humu nitamwita Somoe.

Nilikwenda kwa Dakta Mbonde. Alinisikiliza akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza hakuuliza swali. "Weka hicho kiraka chako," akasema. "Sasa?" "Sasa." Niliweka, nikaizima, nikaiwasha, na chai ya saa nne ilikuwa bado haijafika mezani. Kassim nilimkuta masjala akikusanya vitu vyake, maana alikuwa ameshaitwa na kuambiwa aende. Nilitaka kumpigia kelele. Yeye alisema taratibu, "Kaka yangu amempelekea posa yule binti. Mimi nikamwona hapa Alhamisi. Ungekuwa wewe, dada, ungenyamaza?" Nikamwambia ile ilikuwa siri ya mtu. "Siri mlinionesha nyinyi," akasema. "Mimi nilibonyeza mshale tu." Akachukua mwavuli wake akatoka. Niliposimulia kisa hiki kwenye semina kwa miaka yote, sikuwahi kuyataja maneno hayo ya Kassim. Nilisema tu, mfanyakazi mmoja wa ndani alitumia udhaifu ambao uongozi ulikuwa umeonywa. Watu huandika, wanatikisa vichwa. Baadaye tunakunywa chai.

Habari ikafika Mbwera kabla wiki haijaisha. Posa ikarudishwa. Ndugu zake Somoe, watu waliokuwa wakila naye sinia moja, walimtengea kikombe na sahani, kisha wakamtengea mkeka, kisha wakamwambia atafute pa kwenda. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona kwa macho ni Alhamisi iliyofuata. Nilikuwa kwenye varanda nimeshika waya wa mtandao nikiupima urefu, Somoe akaja akapita benchi bila kukaa, akaingia moja kwa moja mlangoni kwa Bi Mwajuma. Hakupaza sauti. Labda angepaza ingekuwa afadhali. "Bi Mwajuma, waliojua ni wawili. Mimi na wewe." "Somoe mwanangu, kaa kwanza." "Sikai. Mimi sikusema. Nani aliyesema?" "Wallahi sijasema. Wallahi." "Basi ukuta ndio uliosema," Somoe akajibu, akageuka. Alipita karibu yangu hata mtandio wake ukagusa waya wangu. Nilikuwa na jibu la swali lake mdomoni. Nilichofanya ni kuendelea kupima waya.

Jioni ile Dakta Mbonde aliniita. Alikuwa na karatasi imeshaandikwa. "Jambo la mashine linabaki humu ndani," akasema. Nikauliza, na Bi Mwajuma je? Akavua miwani. "Nisikilize. Wafadhili wakisikia mashine yao inavuja, wanafunga Alhamisi. Si Alhamisi ya Somoe, Alhamisi yote. Hawa watu wote watachukua wapi dawa?" Nikasema lakini watu wanadhani ni yeye. "Bi Mwajuma ni mtu mzima. Maneno ya watu hayaui. Kukosa dawa kunaua." Hoja yake ilikuwa na uzito na naijua hadi leo kuwa ilikuwa na uzito. Ila karatasi haikuwa peke yake mezani. Pembeni yake kulikuwa na barua ya kunisifu, imegongwa muhuri, ya kupeleka kwenye kazi niliyokuwa nikiiomba Dar. Hakuitaja. Wala mimi sikuitaja. Nilisaini moja nikachukua nyingine, na nilipokuwa nikisaini nilijiambia nafanya kwa ajili ya wagonjwa.

Miezi iliyobaki niliishi na Bi Mwajuma huku nikimtazama akipungua. Wagonjwa wa Alhamisi walianza kuomba wahudumiwe na muuguzi mwingine. Hawakumtukana, walisema tu, "Tutamsubiri yule mwingine." Wengine hawakurudi kabisa. Yule jirani wa maneno mengi ndiye aliyekuwa akilibeba jambo bombani kila asubuhi, nami nilimsikia kupitia dirisha la wavu: "Mnamwona na ukimya wake? Hao wakimya ndio wenyewe." Bi Mwajuma naye alisikia, kwa sababu dirisha lake lilikuwa pale pale. Alikuwa akipiga deki chumba chake mara ya pili. Aliomba kuhamishiwa wodi ya wazazi. Mkekani bado alinisogezea kipande kikubwa, ila yeye mwenyewe alikuwa akibonyeza tonge, analirudisha.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, nikuulize kitu. Ukuta wetu huu haufiki juu. Mimi huwa naongea usingizini?" Sikuelewa. "Nimefikiri sana," akasema. "Mimi sikumwambia mtu, najua sikumwambia. Lakini neno limetoka. Kama halikutoka nikiwa macho, basi labda nikiwa nimelala. Na wewe unalala hapo. Umewahi kunisikia?" Aliniangalia kwa matumaini, kweli matumaini, kama mtu anayengoja kuambiwa ugonjwa wake una jina. Ningeweza kumwambia pale pale, kikombe cha chai bado kina joto. Karatasi niliyosaini ilikuwa ndani ya sanduku langu, hatua chache kutoka mkekani, pamoja na ile barua. "Hapana, mama," nikasema. "Huongei." Akatikisa kichwa. "Basi sijui," akasema, akanimenyea muhogo mwingine.

Nilihamia Dar kabla mwaka haujaisha. Alinifungia mchele wa Mohoro kwenye mfuko na kunisindikiza hadi stendi. Kila Idd nilimtumia doti ya kanga na yeye akanipigia kunishukuru na kuniombea dua, na kila alipokata simu nilijisemea mwakani nitakwenda kumwambia uso kwa uso, maana si jambo la simu. Miaka ilikuwa mingi. Dakta Mbonde alistaafu, akafa. Kliniki ikahamia jengo jipya, mfumo ule ukatupwa, wafadhili wale wakaondoka kwa sababu zao wenyewe. Hakukuwa na mtu tena wa kulindwa na kimya changu isipokuwa mimi, na bado nilikitunza kimya kile vizuri kuliko nilivyotunza mashine yoyote.

Kwa hiyo siku ya pili baada ya hitma nilipanda gari la Ikwiriri na kutoka pale nikachukua pikipiki hadi Mohoro, ambako niliambiwa Somoe anaishi. Nilimkuta anaanua mpunga kwenye turubai, mwanamke mnene sasa, mtulivu, kijana wake wa kiume akimsaidia kufunga magunia. Alikuwa amekaribishwa huko na mama mdogo baada ya kufukuzwa kwao, akaolewa na mtu aliyeijua hali yake na mwenye hali hiyo hiyo, akazaa mtoto mzima. Alinipa kigoda. Aliposikia nimetokea kwenye hitma ya Bi Mwajuma uso wake ukafunga. "Mungu amhukumu kwa haki," akasema, akaendelea kukusanya mpunga kwa ubao.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, barua, masjala, amri tatu, mshale wa juu, Jumamosi, karatasi. Sikutumia neno udhaifu. Alimtuma kijana dukani tulipokuwa bado mwanzoni, kisha akasikiliza akiwa ameegemea ubao, na maswali yake yalikuwa machache na yote ya maana. "Kassim, ndugu yake yule aliyeniposa?" "Ndiye." "Kwa hiyo Bi Mwajuma hakusema." "Hakusema." "Hata kwa bahati mbaya." "Hata kwa bahati mbaya." Akauweka ubao chini. "Na wewe ulijua ile Alhamisi. Nilikuona. Ulikuwa na waya." Nikasema ndiyo.

Akakaa chini, juu ya turubai lenyewe, juu ya mpunga. Akanisimulia kwamba alikutana na Bi Mwajuma mara moja Ikwiriri, stendi, miaka ile ya mwanzo, na Bi Mwajuma akamnyoshea mkono, naye akaweka wake ndani ya kanga mbele za watu. Halafu alipojifungua huyu kijana, Bi Mwajuma alipata habari, akaja Mohoro peke yake, na nguo za mtoto alizozishona kwa mkono. "Nilimwambia mama mdogo asimfungulie. Alikaa pale kibarazani." Akanionesha kwa kidevu. "Nilikuwa ndani namsikia anakohoa. Hakugonga tena. Jua lilipomfikia akanyanyuka mwenyewe. Nguo akaziacha mlangoni, nami nikazitia moto."

Nilisema, "Somoe, nimekuja kukuomba radhi." Nilikuwa nimelitayarisha neno hilo njia nzima. Aliniangalia, na hakukuwa na hasira usoni mwake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Hapana, dada," akasema. "Wewe umekuja kutua mzigo. Ungetaka radhi ungekuja mama wa watu yu hai, ukatukalisha wote wawili. Haya, umeutua. Umenibebesha mimi. Sasa mimi nitaupeleka kwa nani?"

Kijana wake alikuwa akirudi kutoka dukani, na Somoe akanyanyuka, akapangusa mpunga kwenye kanga yake, akamwambia kijana amwite yule wa pikipiki, mgeni anaondoka.